Siku Kumi na Tisa hadi Lituhi

Emiliana wa Ukata, ambaye Mbinga mjini wengi wanamjua kama Mama Hilda fundi, ni mtu wa kumaliza. Akikuambia gauni lako litakuwa tayari Ijumaa saa nne, nenda Ijumaa saa nne. Ukienda saa sita atakupa gauni lako na maneno yako. Misa ikirefuka kwa matangazo, yeye huitazama saa ya ukutani mpaka katekista anaona aibu. Baba yake alikuwa mlimaji wa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko, na ngolo haimpendi mtu wa kesho. Nyasi zinakatwa, zinapangwa, zinafukiwa, na mvua ikija ikukute umeshamaliza. Ndivyo alivyolelewa.

Ilikuwaje basi mwanamke wa namna hiyo akaishi siku kumi na tisa ndani ya Haisi, pamoja na mume, watoto wawili, mama mkwe, cherehani na bunda la vitambaa, kwa safari ambayo gari huimaliza kwa siku moja? Yeye mwenyewe hujiuliza mpaka leo.

Chanzo kilikuwa nyumba. Kwa miaka tisa walipanga vyumba viwili karibu na soko, huku wakijenga yao pole pole nje ya mji. Novemba mwenye nyumba akawaambia, kwa adabu zote, kwamba binti yake anarudi na wajukuu na vyumba vinahitajika Desemba ikianza. Nyumba yao mpya ilikuwa na kuta na milango, ila haikuwa na bati. Fundi wa kupaua akasema wampe wiki tatu. Emiliana alitaka wajisogeze Ukata kwa kaka yake. Zabron, mumewe, akaja na lake.

Zabron ni dereva. Haisi yake inabeba abiria kati ya Mbinga na Kitai, kwenda na kurudi kutwa, watu wakimpigia kelele aongeze mwendo. Mwaka mmoja nyuma alikodiwa kupeleka wageni Mbamba Bay, na huko ufukweni akaikuta familia ya Wazungu inayoishi ndani ya gari. Tangu siku hiyo hakuacha kuwasimulia.

"Wana watoto watatu, Mama Hilda. Wanapika humo, wanalala humo, watoto wanasomea humo. Wanakwenda kilomita ishirini, wanakaa wiki. Nikamuuliza yule baba, mnafika lini? Akacheka. Akasema hawana pa kufika."

"Basi wamepotea," Emiliana alimjibu.

Hadithi hiyo ingeishia hapo, lakini mwisho wa Novemba ilikuja simu kutoka Lituhi. Ilimjia Mama Tadea, mama yake Zabron, mjane wa miaka sabini na moja aliyekuwa akiishi nao. Mama Tadea ni Mnyasa wa Lituhi. Aliolewa milimani na Mmatengo, akatoka Uanglikana, akabatizwa upya Ukatoliki na kupewa jina jipya, lakini hadi leo ugali wa mahindi anauita chakula cha wagonjwa, anataka wa muhogo. Aliyepiga ni Ramadhani, mtoto wa dada yake mkubwa aliyeolewa na Mwislamu huko huko Lituhi. Alisema: "Mama mdogo, mama anakuita. Uje. Kuna jambo."

Basi Zabron akaona mambo yote yamejipanga. Shule zimefungwa, nyumba haina bati, mama anaitwa kwao. Aling'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, akaacha kiti kimoja kirefu kwa ajili ya mama yake. "Siku tatu kwenda," alisema, "tukae kidogo, siku moja kurudi kwa njia ya vijiji vya Ruanda na Kitai. Tutakuwa kama wale."

"Na sare zangu?"

Emiliana alikuwa na kazi ya sketi thelathini na tano na mashati thelathini na tano ya shule moja ya msingi, nayo ilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa Januari. Zabron akabeba cherehani mwenyewe, akaifunga kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva. Hakubakiza kisingizio.

Waliondoka tarehe mbili Desemba baada ya chai. Jioni walikuwa Mbamba Bay, na Emiliana, kwa haki, alikiri moyoni kwamba Ziwa Nyasa lilikuwa zuri. Ilikuwa ndiyo siku pekee waliyofika mahali pale walipopanga kufika.

Asubuhi Zabron alipowasha gari, Mama Tadea alisema, "Baba, hapo mbele kwenye ile nyumba ya bati jekundu simama kidogo. Nimsalimie mama mmoja, tulisoma naye." Wakasimama kidogo. Wakakaa siku nne.

Hapo ndipo Emiliana alipojifunza jambo ambalo wale Wazungu wa mumewe hawakulijua. Wao hawakuwa na ndugu njiani. Mtu asiye na ndugu anaweza kusafiri kilomita ishirini kwa wiki na akaita mapumziko. Mama Tadea alikuwa na ndugu kutoka Mbamba Bay hadi Lituhi, kila kijiji, na asipokuwa na ndugu alikuwa na somo yake, na asipokuwa na somo alikuwa na mtu aliyewahi kumpa samaki mwaka fulani. Hakuna hata mmoja aliyekubali salamu za kupitia dirishani. Lazima ushuke na ukae. Moto unawashwa, muhogo unatwangwa, mtu anatumwa ziwani kutafuta samaki aina ya mbasa, na aliyeletewa mbasa hawezi kuondoka kabla hajaila.

Kulala kulileta ugomvi wake. Mwenye ile nyumba ya bati jekundu alipowaona wanatandika godoro garini alisimama akashika kiuno.

"Mama Hilda, nyumba yangu ina vyumba vitano. Ninyi mnalala kwenye gari kama magunia ya kahawa? Watu watasema nini juu yangu?"

Emiliana aliona mwenzake anasema kweli. Zabron akaeleza habari ya safari ya pole pole, ya familia kuwa pamoja, ya watoto kujifunza. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mama Tadea: "Mwanao anaumwa?"

Wakapatana kwamba walale garini lakini wale ndani. Mkataba huo ulirudiwa kila kijiji, na kila kijiji ulianza na uso wa mtu aliyekasirika.

Mvua nazo hazikukawia. Usingizi wa watu watano kwenye Haisi iliyofungwa madirisha unajulikana na aliyeulala. Praygod, wa miaka minne, alilala amekingama kama mti ulioangukia barabara. Hilda, wa miaka kumi, alikoroma, na akiambiwa anakoroma analia. Nguo zilizofuliwa zilining'inia kwenye vioo vya pembeni na kwenye usukani. Mchanga uliingia kwenye unga na kwenye masikio, ukaingia hata kwenye kibati cha cherehani, chini ya sindano, ambako mchanga ni kama jiwe kwenye wali. Kila asubuhi Emiliana alifungua mlango wa nyuma, ule unaoinuka juu, akaweka cherehani chini yake ajikinge na mvua, akaanza kazi. Kabla hajamaliza sketi mbili, anakuja mtu na suruali iliyopasuka.

"Mkwe, naona una cherehani."

Angemkataliaje? Alikuwa mama mdogo wa mumewe. Wote walikuwa mama wadogo wa mumewe. Alishona suruali, mapazia, joho la mwanakwaya, na tanga la mtumbwi lililomvunjia sindano tatu. Wakamlipa kwa maembe mpaka watoto wakaharisha.

"Lakini si unaona, Mama Hilda," Zabron alimwambia siku ya nane, katika kijiji cha pili, amelala chali kwenye mchanga na mguu juu ya mguu, "huku ndiko kuishi. Safari siyo kufika."

"Baba Hilda, safari ni kufika. Asiyefika hakusafiri, ametangatanga."

"Basi watoto waangalie. Hilda anajua kuogelea sasa."

Ni kweli, Hilda alikuwa amejua kuogelea. Emiliana alimwona akielea kama jani, mikono wazi, akicheka na mtoto wa mtu wasiyemjua jana, na moyo ukampoa kidogo. Kisha akakumbuka mashati ishirini na mawili yaliyobaki, ukachemka tena.

Siku hiyo hiyo fundi wa kupaua alipiga simu. Bati limekwisha kupigwa, alisema, tena mapema kuliko alivyoahidi. Emiliana alikaa juu ya ndoo na simu mkononi. Kwa miaka tisa alikuwa akiiota nyumba yenye bati lake mwenyewe, na sasa ilikuwa imesimama kule Mbinga, kavu, tupu, na yeye anaishi ndani ya gari kati ya maembe na mama wadogo.

Liuli walikaa siku tano, kwa sababu walikuta msiba na walipotaka kuondoka wakakuta ubatizo. Kijiji kilichofuata, siku mbili, kwa sababu Mama Tadea alisema miguu imevimba. Kilichofuata tena, siku tatu, kwa sababu alisema hawezi kumpita mzee mmoja mshona nyavu bila kumjulia hali, na mzee alikuwa amesafiri, kwa hiyo ilibidi wamsubiri. Alipofika, Emiliana alishuhudia kwa macho yake: walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, wakanyamaza. Wala hawakuwa wanafahamiana sana.

Ndipo akaanza kuhesabu kichwani. Mtu anayependa ndugu anatazama mbele. Mama Tadea, kila gari lilipowashwa, alitazama nyuma kana kwamba amesahau kitu. Na jambo jingine: kwa siku nyingi simu yake haikuwa imelia. Mwanamke mwenye ndugu wote hao, simu kimya.

Asubuhi ya siku ya kumi na nane walikuwa wawili ziwani, Emiliana akiosha sufuria na mama mkwe akisuuza vikombe. Mama Tadea alipoinama, fundo la kanga likafunguka, simu ikaangukia mchangani. Emiliana aliiokota, akaifuta. Ilikuwa imezimwa. Akabonyeza, ikawaka, chaji ilikuwa imejaa.

"Mama, simu si mbovu. Kumbe umeizima?"

Mama Tadea aliendelea kusuuza kikombe kilichokuwa safi tayari.

"Mama. Nisamehe, mimi ni mkwe tu na kuuliza kwangu ni utovu. Lakini nimelala na goti la mwanangu mgongoni siku kumi na saba. Kwa nini hatufiki Lituhi?"

Mzee yule aliketi juu ya jiwe. Akasema, bila kumtazama.

"Mama yetu alikufa mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ya milimani ilipokatika. Habari ilinifikia imechelewa, na mimi nikachelewa juu ya kuchelewa. Nilifika siku ya kumi na moja. Dada yangu Halima alikuwa amemzika peke yake. Alisimama mlangoni akaniambia, rudi ulikoolewa. Akafunga. Ni miaka ishirini na saba, Mama Hilda. Sasa ananiita. Sijui ananiitia nini. Nimeogopa kusikia mlango ule."

Emiliana alihisi mambo mawili kwa pamoja, na hakujua ashike lipi. Huruma ilimjaa kifuani. Na papo hapo alitaka kuchukua sufuria na kuitupa katikati ya ziwa. Siku kumi na nane! Angesema kule kule Mbinga, siku ya kwanza, kabla viti havijang'olewa. Zabron naye, alipoulizwa kwa nini hakumuuliza Ramadhani ni jambo gani, alikuna kichwa na kusema mambo ya wazee hayaulizwi kwenye simu. Familia nzima ilikuwa imebeba jambo moja kutoka mlimani hadi ziwani bila mtu kufunua kifuniko.

"Kesho tunakwenda Lituhi," alisema. "Atakayetaka kusalimia mtu, amsalimie gari likitembea."

Wakaenda. Njiani Mama Tadea aliomba wasimame mara moja tu anunue sukari, maana haendi kwa dada yake mikono mitupu, na Emiliana mwenyewe alishuka akainunua mbio, akarudi mbio.

Walifika Lituhi kabla ya adhuhuri. Nyumbani kwa Bi Halima hapakuwa na mtu. Jirani aliwaelekeza ufukweni. Mwaka huo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda kuliko watu walivyozoea, yakala mchanga, yakala migomba, na sasa yalikuwa yamefika kwenye makaburi ya zamani. Mengine yote yalikwisha hamishiwa juu. Paliachwa mashimo yaliyofukiwa upya. Lilibaki kaburi moja, limezungushiwa viroba vya mchanga pande tatu, na mawimbi yakigonga viroba. Mwanamke mrefu, mzee, aliyejifunga ushungi, alikuwa akijaza kiroba kingine kwa sahani ya bati. Ramadhani, mwanawe, alikuwa ameshika mdomo wa kiroba.

Mama Tadea alishuka garini akatembea mpaka pale. Mwanamke yule aliinua macho.

"Umechelewa tena," alisema.

"Shikamoo, dada. Nimechelewa."

"Nimekuita toka mwezi haujaanza. Wenzangu wamehamisha wafu wao wiki mbili zilizopita. Padre wa kanisa la mama nimemrudisha mara mbili. Ramadhani anapiga simu, haipatikani. Kila asubuhi najaza mchanga, kila jioni maji yanauchukua. Nilisema mara hii hatazikwa na mtu mmoja."

Mama Tadea alisogea mpaka kwenye viroba. Akapiga magoti, akachukua sahani mkononi mwa dada yake, akaanza kujaza mchanga kwenye kiroba ambacho sasa hakikuwa na kazi tena. Bi Halima alimtazama akijaza. Kisha akasema, kwa ukali ule ule, "Acha, utajichafua," akamshika mkono akamwinua, na hawakuachana mikono.

Emiliana, amesimama pembeni na mtoto kiunoni, alivitazama viroba vile vya siku kumi na tisa, akapiga hesabu ya kila sahani ya mchanga na kila bakuli la mbasa walilokuwa wakila huku nyuma. Alitamani kulia kwa hasira.

Padre wa Kianglikana aliitwa kwa mara ya tatu, akaja saa tisa. Vijana wakachimba. Bi Halima alikuwa ameweka kitambaa cheupe cha kumfungia marehemu, lakini kilikaa wiki mbili kwenye nyumba inayovuja, panya na unyevu wakakigawana. Duka la vitambaa lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda Kitai kufuata mzigo. Wanawake wakaanza kujadiliana nani ana shuka.

Emiliana hakusubiri wamalize. Alifungua bunda, akatoa kitambaa cheupe cha mashati ambacho hakijakatwa, akainua mlango wa nyuma wa gari, akakaa kwenye cherehani. Angeweza kukikata tu na kuwapa. Badala yake alishona mfuko mrefu, kwa mshono wa kurudia, akakunja pindo mara mbili, akaweka utepe wa kufungia pande zote mbili. Uzi ulipokatika alitunga mwingine bila kulaani. Mara moja aliinua kichwa akaona kundi zima limesimama linamsubiri yeye, padre akiangalia saa yake. Akainamisha kichwa akaendelea, mwendo ule ule.

Jua lilipokuwa linaelekea milima ya ng'ambo, mama yao alizikwa upya mahali pa juu, kwenye udongo mkavu. Mmoja wa mabinti zake alikuwa na rozari, mwingine alikuwa na tasbihi, na padre hakuwa na rozari wala tasbihi, akasoma kitabu chake. Udongo wa kwanza waliutupa pamoja. Tadea alilia kilio cha mtu aliyefiwa jana. Halima hakulia, alimshika mgongo, akisema, "Basi, basi, sasa umefika."

Waliokuwa na safari ya kurudi walikaa siku mbili tu. Mama Tadea alisema atabaki kwa dada yake mpaka Pasaka, na hakuna aliyemuuliza sababu. Alipomuaga mkwewe alimvuta pembeni. "Umenifikisha, mwanangu. Zabron angenizungusha mpaka nife."

"Wewe ndiye uliyemzungusha, Mama," Emiliana alisema, na yule mzee akacheka mpaka akashika mti.

Walirudi kwa njia ya Ruanda, wakafika Kitai mchana, mvua ikinyesha. Zabron alizima gari. "Mama Hilda," alisema, "hapa nyuma kuna dereva mwenzangu, Urbani, amejenga. Tumsalimie kidogo tu."

Emiliana hakugomba. Alimpa Praygod ndizi. Akalishusha bunda la sare, akajitwika, akavuka barabara hadi kwenye basi la Mbinga lililokuwa linapiga honi, akakata tiketi, akakaa kiti cha dirishani karibu na dereva. Zabron alibaki amesimama kwenye mvua na ufunguo mkononi, kama abiria aliyeachwa.

Kondakta akauliza, "Mama, ile siyo familia yako?"

"Ni yangu," Emiliana alisema. "Twende."

Mbinga alishukia kwenye duka la vitambaa la Adinani, akachukua kitambaa cheupe kufidia mashati yaliyopungua, akaazima cherehani ya jirani, akakaa chini ya bati lake. Usiku ule alilala amejinyoosha, mikono pande zote, hakuna goti mgongoni. Alifurahi mno. Siku ya pili alifurahi. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, Haisi iliingia uani taratibu, juu ya keria kuna kuku, boga na mkungu wa ndizi kutoka kwa Urbani, na watoto wakipiga kelele za kumweleza yote kwa mara moja. Alikuwa amebakiza mashati manne. Akaacha la mkononi katikati ya mshono, akatoka kuwapokea mizigo.